Vibali vya elki na wenzake: foleni ya pointi imekwama, turekebishe nini hasa?

Pembe Sita

Wakuu, salamu. Nafungua uzi huu kwa Waswahili tunaoomba vibali vya kuwinda wanyama wakubwa huku magharibi mwa Marekani: Colorado, Wyoming, Idaho, Utah na majirani zao. Kila tarehe ya maombi ikikaribia, magrupu ya WhatsApp hujaa ushauri unaochanganya sheria za jimbo hili na za jimbo lile, na mtu anapoteza pointi alizozikusanya kwa miaka. Sasa sheria zenyewe zinabadilishwa. Tujadili mageuzi huku tukijua ni kitu gani kinachobadilishwa.

Msingi kwanza. Huku mnyama wa porini ni mali ya umma chini ya uangalizi wa jimbo, hata akiwa anakula majani ndani ya shamba la mtu. Jimbo limegawanywa yuniti, yaani maeneo ya uwindaji yenye namba. Kila yuniti hufanyiwa makadirio ya wanyama, na kutokana na makadirio hayo hupangwa idadi ya vibali kwa kila msimu, jinsia na silaha. Waombaji wakizidi vibali, inachezeshwa droo. Swali linalotusumbua ni hili: aliyekosa mwaka huu apewe nini mwakani?

Majimbo yamejibu kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni pointi za kipaumbele: ukikosa unapata pointi, na mwenye nyingi anahudumiwa kabla ya mwenye chache. Hiyo ni foleni. Colorado inafanya hivyo kwa elki (jamii ya kulungu, mkubwa, dume ana pembe za matawi), kulungu, dubu na prongihoni (yule mnyama wa nyanda kama swala, mwenye pembe za uma). Njia ya pili ni pointi za bonasi: kila pointi inakuongezea nafasi ndani ya kapu, lakini hata mwenye sifuri anaweza kuchaguliwa. Nevada na Arizona wako huko, kila mmoja kwa utaratibu wake. Njia ya tatu ni kutotoa pointi kabisa. Idaho, New Mexico na Alaska kila mwaka waombaji wote wanaanza sawa.

Msimamo wangu ni kwamba foleni ya pointi ni ahadi ambayo jimbo haliwezi kuitimiza, na bado linaendelea kuwapa watu wapya kila mwaka. Mageuzi yasiyofunga bomba hilo hayagusi kidonda.

Hesabu za Mlimani

Mkuu Pembe Sita, nakuunga mkono. Wengi wakisikia "kizingiti kinapanda", yaani pointi zinazohitajika kupata kibali zinaongezeka, wanadhani ni suala la wawindaji kuongezeka tu. Hata wasipoongezeka, foleni inakwama yenyewe. Chukua yuniti ya mfano yenye vibali 30 kwa mwaka. Waliofika pointi 25 ni watu 180, wenye 24 ni 210, wenye 23 ni 260.

Mwaka wa kwanza 30 wanatoka katika wale 180. Waliobaki 150 wanapanda hadi 26, na wa nyuma yao wanapanda pia. Kundi la juu linamalizika baada ya miaka 6. La pili linachukua miaka 7. Kwa hiyo mwenye pointi 23 leo anasubiri miaka 13 kabla kundi lake halijaanza kuguswa, na wakati huo ana pointi 36. Kundi lenyewe linachukua miaka karibu 9. Wa mwisho wao atapata kibali akiwa na pointi 45 hivi. Kama alianza kuomba akiwa na miaka 20, hapo ana miaka 65, na yuniti hizo si za tambarare.

Kijana anayeanza leo na sifuri kwa msimbo huo (namba ya fomu inayotaja mnyama, yuniti, msimu na silaha) hafiki. Haihitaji hesabu zaidi. Ni kweli wengine hufa, wengine huhama, wengine hukata tamaa na kuzitumia kwenye yuniti nyepesi, kwa hiyo mwendo halisi ni wa kasi kidogo kuliko mfano wangu. Lakini wanaokata tamaa nao hawapotei. Wanashuka kwenye yuniti za pointi 5 au 6 wakiwa na pointi 15 na kuwapiku waliokuwa wakisubiri pale. Ndiyo maana kizingiti kinapanda hata katika yuniti ambazo hakuna anayezisifia.

Colorado yuniti 2, 10 na 201 za kaskazini-magharibi ndizo mfano unaotajwa sana kwa elki dume. Huko tunazungumzia zaidi ya pointi 20.

Gobori

Nakubali hesabu hiyo. Lakini wapo wanaodhani dawa ni kuhamia bonasi yenye kipeo cha pili kama Nevada na kila kitu kitakuwa sawa. Ngoja niwaonyeshe.

Nevada pointi zako huzidishwa kwa zenyewe, kisha unaongezwa 1. Mwenye 0 ana nafasi 1. Mwenye 5 ana 26. Mwenye 10 ana 101. Mwenye 20 ana 401. Kompyuta inakupa namba za bahati kwa idadi ya nafasi zako na kushika iliyo ndogo kuliko zote, na mwenye namba ndogo anahudumiwa mapema.

Sasa weka kibali kimoja na waombaji 1,000: wakongwe 100 wenye pointi 20, na wapya 900 wenye sifuri. Kapu zima lina nafasi 40,100 za wakongwe na 900 za wapya, jumla 41,000. Kila mkongwe ana asilimia 0.98. Mpya ana 1 kati ya 41,000.

Linganisha na foleni kamili, ambapo kibali lazima kiende kwa mmoja wa wale 100: kila mkongwe ana asilimia 1. Tofauti kati ya 1 na 0.98 haionekani kwa macho. Kipeo cha pili, pale waombaji walipojigawa kati ya wakongwe na wapya, ni foleni iliyovaa nguo ya bahati nasibu.

Bila kipeo, yaani pointi ujumlishe 1 tu, kila mkongwe ana nafasi 21 katika kapu la 3,000, ambayo ni asilimia 0.7. Mpya ana 1 kati ya 3,000. Mkongwe bado anamzidi mpya mara 21, na hiyo ni heshima ya kutosha kwa subira yake. Kwa hiyo jimbo likitangaza "tunahamia bonasi", swali la kwanza la kuuliza kwenye kikao cha Tume ya wanyamapori ya jimbo ni kama kuna kipeo au hakuna. Wengi wanashangilia neno bonasi bila kuuliza hilo.

Bi Tausi

Kaka zangu, hesabu nzuri, ila mnawazungumzia hao 180 kama namba. Mtu amelipa ada kila mwaka kwa miaka 25 kwa sheria iliyoandikwa na jimbo lenyewe. Sheria ilisema: subiri, zamu yako itafika. Ukibadilisha leo bila kumjali, umemdhulumu, na hatakuamini tena hata ukileta sheria nzuri.

Tuangalie Colorado inakokwenda. Tume yao imeamua kwamba kuanzia droo ya 2028, nusu ya vibali vya elki, kulungu, prongihoni na dubu itafuata pointi za kipaumbele, na nusu nyingine itachezeshwa kwa bonasi. Wyoming kwa wageni (wasio wakazi wa jimbo) wa elki, kulungu na prongihoni wamekuwa na asilimia 75 kwa pointi na 25 kwa bahati. Oregon nao wana 75 kwa 25. Utah, kwenye vibali vyao adimu, nusu inakwenda kwa wenye pointi za juu kabisa na nusu inachezeshwa. Arizona inatenga asilimia 20 kwa wenye pointi nyingi zaidi, kisha inayobaki inachezeshwa kwa bonasi. Kwa hiyo mgawanyo si jambo geni. Tubishane juu ya kiwango tu.

Mimi naona 50 kwa 50 kwa mara moja ni ghafla. Ningeanza 80 kwa 20, kisha nipunguze asilimia 5 kila mwaka hadi nusu, ili aliyebakiza miaka miwili asikute mlango umefungwa usoni pake.

Hesabu za Mlimani

Dada Bi Tausi, hoja yako ina uzito, na namba zinaipa nguvu. Kwenye ule mfano wangu, vibali vya foleni vikishuka kutoka 30 hadi 15, lile kundi la juu la 180 linahitaji miaka 12 badala ya 6. Wao pia wamo kwenye kapu la bahati na nafasi zao nyingi, kwa hiyo wengine watatokea huko, lakini kisaikolojia zamu imerudi nyuma.

Ila tazama upande wa pili. Hata tukisema leo hakuna pointi mpya ya kipaumbele, foleni imefungwa, wenye 23 hadi 25 ni watu 650. Kwa vibali 15 kwa mwaka, kuwamaliza ni miaka 43. Kupunguza polepole kunapendeza kusikia, lakini hakuna ratiba itakayowalipa wote. Jimbo liwaambie hivyo waziwazi. Ninachokitaka mimi ni tangazo la kila mwaka kwa kila msimbo: watu wangapi wako mbele yako, vibali vingapi, na kwa mwendo wa sasa utafikiwa lini. Mtu akiona 2061 ataamua mwenyewe kama anaendelea.

Ndugu wa Boise

Wandugu, nasoma pointi, pointi, pointi. Huku Idaho hatuna, na yuniti nzuri zinaweza kupatikana hata na mtu anayeomba kwa mara ya kwanza. Jimbo limezuia wingi wa maombi kwa njia nyingine: linakulazimisha kuchagua. Ukiomba musi (yule kulungu mkubwa kuliko wote, pembe pana kama makasia), au kondoo-mwitu wa milimani, au mbuzi wa milimani, unachagua mmoja tu kati ya hao watatu. Na ukishaingia huko, huruhusiwi mwaka huo kuomba droo maalumu ya elki, kulungu wala prongihoni. Anayetaka kondoo anaacha elki. Hapo kila mtu anajiuliza anataka nini kweli, na foleni ya kubahatisha inapungua yenyewe.

Wageni nao wamewekewa kikomo cha asilimia 10 kwenye vibali vya droo. Kilichokuwa kibaya kwetu ni vibali vya kawaida, visivyo vya droo, kwa wageni: vilikuwa vinauzwa mtandaoni Desemba 1 kwa kuingia chumba cha kusubiri, unapewa namba kwa bahati, unakaa saa nzima mbele ya skrini. Kwa misimu ya 2026 wameacha hiyo, wakaleta maombi na droo mwezi Desemba. Na hawakuambatanisha pointi. Wangeambatanisha, leo tungekuwa tunaanza kuhesabu miaka kama Colorado.

Mto Platte

Naongeza kuhusu pesa, maana ndiyo iliyovimbisha maombi Colorado. Zamani uliomba kwa kulipa bei nzima ya leseni kwanza, ukikosa unarudishiwa. Mgeni wa musi, kondoo na mbuzi alihitaji kufunga zaidi ya dola elfu moja kwa kila mnyama kwa miezi. Mwaka 2018 wakaondoa sharti hilo, ukawa unalipa ada ndogo ya maombi, leseni baadaye ukipata. Maombi yakapanda sana, hasa ya hao watatu, wakati wanyama hawakuongezeka. Mwaka uliofuata ikabidi waweke ada ya pointi kwa hao watatu: dola 50 kwa mkazi na 100 kwa mgeni.

New Mexico bado wanadai bei yote mbele. Huko mgao umeandikwa kwenye sheria: asilimia 84 kwa wakazi, 10 kwa walio na mkataba na waongozaji wa uwindaji, 6 kwa wageni wanaojitegemea. Hakuna pointi. Malipo ya mbele yanapunguza maombi ya kujaribu tu, hilo halina ubishi.

Lakini tuseme ukweli wake: yanamwumiza mwenye kipato kidogo. Baba mwenye watoto wawili wanaowinda hawezi kufunga pesa za vibali vitatu kwa wiki kadhaa. Ningeunga mkono malipo ya mbele kwa wageni wa jimbo, na kwa wakazi iwe sehemu ndogo, tuseme robo ya bei, isiyorudishwa kama umepata kibali ukakikataa.

Kisiki

Mimi naomba kuuliza nikiwa Tanzania. Kwa nini wasipige mnada? Huku vitalu vya uwindaji wa kitalii tangu 2019 vinagawiwa kwa mnada wa mtandaoni kupitia TAWA (mamlaka ya wanyamapori Tanzania), kampuni inalipa, inapewa kitalu na mgao wa wanyama. Kenya walipiga marufuku uwindaji 1977 kwa hiyo hawana la kugawa. Huko mnadani pesa ingeingia nyingi.

Pembe Sita

Karibu mkuu Kisiki. Mnada upo, ila kwa vibali vichache sana vinavyotengwa kila mwaka, na fedha zake zinakwenda kwenye uhifadhi wa mnyama huyohuyo. Mwaka 2013 kibali kimoja cha kondoo-mwitu Montana kilifika dola 480,000. Umeona tatizo. Huko kwenu anayenunua ni kampuni inayoleta watalii kutoka nje. Huku mwombaji wa kawaida ni fundi bomba, mwalimu, dereva wa lori anayetaka nyama ya friza na siku tano mlimani. Mnyama ni wake kisheria sawa na wa tajiri. Ukiuza vyote kwa mnada, umewatoa wenye mali kwenye mali yao.

Na kuna mlango wa pembeni ambao tayari ni soko: vocha za wenye ardhi. Colorado wanatenga sehemu ya vibali kabla ya droo kwa wenye mashamba wanaolisha wanyama, na mwenye shamba anaweza kumhamishia mtu vocha yake. Sababu yake ni halali, maana elki 200 wakishuka kwenye shamba la majani makavu wanamaliza akiba ya ng'ombe. Lakini kila anayepiga hesabu ya foleni akumbuke kwamba vibali vilivyoandikwa kwenye kitabu si vyote vinavyofika kwenye droo ya umma.

Gobori

Niingie kwenye mianya ya sheria, maana humo ndimo mageuzi madogo yanafanya kazi kubwa kuliko kubadili mfumo mzima.

Mwanya wa kwanza, Colorado: unaruhusiwa chaguo nne. Pointi zinatumika ukipata chaguo la kwanza tu. Kwa hiyo mjuzi anaweka chaguo la kwanza msimbo wa pointi, E-P-999-99-P kwa elki, halafu chaguo la pili anaweka yuniti nyepesi. Anapata kibali, anawinda, anakula nyama, na pointi inaongezeka vilevile. Amekaa kwenye foleni na kuhudumiwa kwa wakati mmoja. Sheria ninayoitaka: ukipata kibali cha elki kwa chaguo lolote, pointi za elki zinarudi sifuri. Hiyo peke yake itapunguza kizingiti, kwa sababu itamlazimu mtu kuchagua kati ya kuwinda na kusubiri.

Mwanya wa pili ni kurudisha leseni. Ukirudisha siku 30 au zaidi kabla msimu haujaanza unaweza kurudishiwa pointi zako. Ugonjwa, msiba, jeshi, hayo sawa. Lakini anayerudisha kwa sababu mvua hazikunyesha na pembe ni ndogo mwaka huo, amechukua nafasi ya mtu kwenye droo na hajapoteza chochote. Arudishiwe pointi zake kwa sababu ya dharura yenye uthibitisho, basi.

Mwanya wa tatu ni makundi. Colorado inalipima kundi kwa mwenye pointi chache, hilo ni sawa. Wyoming wanachukua wastani. Mwenye 14 akijiunga na wawili wenye sifuri, wote watatu wanaomba kwa 4.67. Pointi zake zimegeuka zawadi ya kuhamisha, na wawili wasiosubiri hata siku moja wanampita aliyesubiri miaka 4. Ukitaka kuona kizingiti cha chini kinavyopandishwa, kipo hapo.

Wa nne ni pointi zinazolala. Colorado pointi za mnyama zinafutwa ukikaa miaka 10 bila kuomba. Arizona ni 5. Wyoming ni 2 tu. Punguza ile 10 iwe 3 na utashangaa foleni ilivyokuwa na watu ambao hawapo.

Ndugu wa Boise

Hapo kwenye wastani ndugu Gobori, Wyoming kuna jambo jingine la kuangalia. Wakazi wao hawana pointi kabisa kwa elki, kulungu na prongihoni. Ni bahati tupu, na hawalalamiki. Pointi ni za wageni, na hata hao wamegawanywa: asilimia 60 ya vibali kwa bei ya kawaida, 40 kwa bei maalumu. Kuanzia 2024 bei maalumu ya elki iko karibu dola 1,950. Anayelipa zaidi anashindana na watu wachache zaidi. Hiyo ni foleni ya pesa ndani ya foleni ya pointi, na kadiri bei inavyopanda, mgeni wa kipato cha kawaida anabanwa kwenye ule upande wenye msongamano.

Na tahadhari kwa wanaozitumia huko: mgeni haruhusiwi kuwinda mnyama mkubwa ndani ya maeneo ya nyika yaliyotengwa na serikali kuu bila mwongozaji mwenye leseni au mkazi mwenye kibali cha kumsindikiza. Kuna yuniti za elki ambazo sehemu kubwa ni nyika hiyo. Fungua ramani kabla ya kuchoma pointi.

Mto Platte

Halijasemwa bado suala la mgao wa wakazi na wageni Colorado, na linabadilisha hesabu zote. Zamani ilikuwa 65 kwa 35, na 80 kwa 20 kwa misimbo iliyohitaji pointi 6 au zaidi kwa mkazi. Kasoro ilikuwa kwamba orodha ya hiyo misimbo ya 80 kwa 20 ilitokana na wastani wa 2007 hadi 2009 ikaachwa hapo. Yuniti iliyokuwa ya pointi 2 wakati ule na kufika 9 baadaye iliendelea kugawiwa kama yuniti nyepesi. Kuanzia 2024 ni 75 kwa 25, na ile 80 kwa 20 inafuata wastani wa miaka 3 ya karibuni. Kisha 2025 wakaondoa leseni za kaunta (za kununua moja kwa moja bila droo) za elki kwa upinde kwa wageni upande wa magharibi mwa barabara kuu ya I-25. Nao wanaingia droo.

Hilo la mwisho lina athari ambayo wengi hawajaipima. Mgeni aliyekuwa ananunua leseni ya upinde kaunta huku akijilimbikizia pointi, sasa anazitumia. Zile pointi 3 na 4 zilizokuwa zimelala zimemwagwa kwenye droo kwa pamoja.

Gobori

Na silaha. Pointi ni njia ya kugawa upungufu, haiupunguzi. Anayetaka watu wengi zaidi waende porini aangalie kiwango cha mafanikio. Yuniti inayoweza kutoa madume 60 kwa mwaka: kwa raifo, kama wawindaji 40 kati ya 100 wanafanikiwa, unatoa vibali 150. Kwa upinde, kama ni 15 kati ya 100, unatoa 400. Dume ni walewale 60, ila watu 250 zaidi wamewinda.

Ndiyo maana sheria za gobori zina maana na zisilegezwe. Colorado katika msimu wa gobori hawaruhusu darubini juu ya bunduki wala baruti ya vidonge. Unapima baruti ya unga, unamimina mtutuni, unasukuma risasi kwa mchi, na unalenga kwa macho. Idaho wanataka hata kiwashio cha baruti kiwe wazi kwa hewa, kwa hiyo mvua inaponyesha unalinda baruti yako kuliko unavyojilinda mwenyewe. Umbali unashuka hadi mita 100 hivi. Kila kifaa kinachoongeza umbali kinaongeza mafanikio, mafanikio yakipanda vibali vinapunguzwa, vibali vikipungua kizingiti cha pointi kinapanda. Ni mnyororo mmoja.

Bi Tausi

Sawa, hili la silaha limeniingia. Basi kabla watu hawajatawanyika, wekeni makosa ya fomu, maana mageuzi hayatamsaidia anayekosea kuomba.

Hesabu za Mlimani

Kwa Colorado, dada, ninayoyaona mara kwa mara ni haya. Unahitaji kwanza leseni ya kufuzu ya mwaka huo, kwa mfano ya wanyama wadogo au ya bata mzinga wa masika, la sivyo maombi hayaendi. Aliyezaliwa Januari 1, 1949 au baada yake lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Mwisho wa maombi huwa Jumanne ya kwanza ya Aprili saa 2 usiku kwa saa za milimani. Aliye Texas au Ohio akumbuke saa zake ziko mbele.

Msimbo usome herufi kwa herufi. Muundo wake ni kama E-M-061-O1-R: E elki, M dume, 061 yuniti, O1 msimu, R raifo. Ile O ya msimu ni herufi, si sifuri. Na ukibadilisha R kuwa M umeomba gobori.

Kosa linaloumiza zaidi ni kadi ya benki. Droo ikitoka jimbo linakata pesa. Kadi ikiwa imeisha muda au haina salio, unapewa tarehe ya kulipa. Ikipita, umepoteza leseni na pointi zilizotumika kuipata. Pointi 12 zimekwenda kwa sababu ya kadi. Weka ukumbusho kwenye simu.

Kamba Ndefu

Wakuu, mwenye pointi 7 za elki Colorado leo, azitumie kabla ya 2028 au asubiri?

Hesabu za Mlimani

Inategemea anachokitafuta, mkuu. Kama msimbo anaoutaka kizingiti chake ni 5 hadi 7, azitumie kabla. Sababu: 2028 vibali vya foleni vinakuwa nusu, kwa hiyo watakaohudumiwa upande huo kila mwaka watakuwa wachache zaidi na kizingiti kitaruka. Aliyekuwa anapata kwa uhakika na 7 anaweza kukuta inatakiwa 9 au 10, na abaki kutegemea lile kapu la bahati.

Kama anafukuzia yuniti ya pointi 20 na kitu, hizo 7 hazimfikishi kwenye foleni kabla ya 2028 wala baada yake. Huko nafasi yake halisi ni kapu la bahati, na kapuni pointi 7 zina uzito. Azishike.

Aliye katikati, mwenye 7 anayetaka yuniti ya pointi 10, ndiye mwenye kazi. Kila mwaka anapata moja, na kizingiti nacho kinaweza kupanda moja. Afungue taarifa za droo za miaka 3 iliyopita za msimbo huo, aangalie wenye pointi 10 walikuwa wangapi na waliopata wangapi. Kama katika 10 ni nusu tu waliopata, ajue mwaka unaofuata ile nusu iliyobaki itakuwa na 11, mbele yake.

Kamba Ndefu

Shukrani. Ni yuniti ya pointi 6, nimeangalia sasa hivi. Naiweka chaguo la kwanza Aprili.